Barua kwa mwanangu: ndege ikikwama, mwambie dereva kwanza

Marahaba mwanangu,

Meseji yako ya jana usiku nimeisoma mara tatu. Umeandika tu "baba tiketi nimepata, ndege mbili, nabadilisha katikati, afu kuna gari la kunipokea", basi, ukalala. Mimi nimefurahi kweli ila usingizi haukuja, nikaona bora niamke nikuandikie, kwa sababu haya mambo nikikwambia kwenye simu utaitikia "sawa baba, sawa baba" na utasahau, ila barua utaifungua siku ile umekaa getini, chaji inaisha, na skrini imeandika ndege imechelewa.

Ndege ikichelewa au ikifutwa, wewe utajua, shirika litajua, abiria wote pale watajua. Ila vile vitu ulivyopanga mbele ya safari, gari, hoteli, wakati mwingine na ndege ya pili, havijui kitu, na hakuna atakayeviambia isipokuwa wewe. Hili nimelijua kwa maumivu.

Unakumbuka mwaka ule mama yako alipokwenda kutibiwa mguu, wewe tukakuacha kwa shangazi? Hatukuwahi kukusimulia vizuri tulivyofika. Ndege yetu ya mchana ilifutwa, tukahamishiwa ya jioni yenye namba nyingine kabisa, nikahangaika na kaunta, nikahangaika na mabegi, nikamshukuru Mungu tumepata viti viwili, gari nikalisahau. Nilikuwa nimeshalilipia na namba ya ndege niliwapa, nikajua wanaifuatilia. Na kweli walikuwa wanaifuatilia, ila ile iliyofutwa. Kwenye mfumo wao ikasoma ndege haiji, wakafunga oda. Tumetua saa saba usiku, hakuna mtu ameshika karatasi yenye jina letu, simu ya ofisi yao inaita tu, mama yako amekaa juu ya toroli la mabegi mguu umevimba na wala hakulalamika. Tulikaa vile mpaka kukapambazuka. Meseji ya mistari miwili ingetosha, na nilikuwa na masaa sita mazima ya kuiandika.

Ndo maana nakuambia, gari linafuata namba ya ndege, halikufuati wewe. Ndege yako ikichelewa tu kwa namba ile ile, kampuni nyingi za kupokea abiria zinaona zenyewe na dereva anasogeza muda, hapo huna shida sana. Shida inakuja ukibadilishiwa ndege. Ukishapewa bodingi pasi mpya, kabla hujatafuta pa kukaa, kabla hujapiga simu nyumbani kutulilia (na sisi tutasikiliza, usijali), andikia watu wa gari: jina lako, ndege ya zamani namba hii imefutwa, nakuja na namba hii, natua uwanja huu, terminali hii, tarehe hii, saa hii. Afu subiri wajibu. Tiki mbili za bluu sio jibu, unataka mtu aandike kwamba amebadilisha. Baada ya hapo hoteli, maana hoteli nazo usipotokea usiku wa kwanza bila taarifa nyingine zinahesabu hukuja kabisa na zinafuta na siku zilizobaki.

Kwenye kuandika saa naomba uwe makini sana mwanangu kwa sababu sisi tuna saa zetu. Tiketi ikisema 20:00 wewe kichwani unasoma saa mbili usiku, ni sawa, ila ukimwandikia dereva wa huko "naomba uje saa 2" atakuja saa nane, na hujui kama ni ya mchana au ya usiku. Waandikie vile vile ilivyo kwenye tiketi, 20:00, usitafsiri. Na ile ya kupita usiku wa manane ndo inawakosesha watu ndege kila siku: tiketi inasema tarehe 14 saa 00:20, mtu anajiandaa aende uwanjani tarehe 14 jioni, kumbe ndege iliondoka usiku wa kuamkia 14, yaani alitakiwa awe uwanjani tarehe 13 jioni. Ukihamishiwa ndege ya usiku isome tarehe mara mbili, ya kuondoka na ya kutua, saa zinazoandikwa ni za mahali husika kila moja na kwake.

Na uwanja pia. Miji mikubwa ina viwanja vingi na shirika likitaka kukusaidia linaweza kukupeleka mwingine kwa nia njema tu. London kuna Heathrow, Gatwick, Stansted, Luton na City. Paris kuna Charles de Gaulle na Orly. Istanbul kuna mmoja upande wa Ulaya na mwingine, Sabiha Gökçen, upande wa Asia. Tiketi inaandika mji ule ule, wewe unafurahi, dereva yuko uwanja mwingine kabisa wa mji huo huo. Na kuna siku hata mji wenyewe unabadilika, kama tarehe 21 Machi 2025, kituo cha umeme karibu na Heathrow kiliwaka moto uwanja ukafungwa karibu siku nzima, ndege zilizokuwa tayari hewani zikageuzwa, nyingine zikatua Ireland, nyingine Ufaransa, nyingine Uholanzi. Fikiria watu waliokuwa wamepangiwa magari asubuhi ile. Ikikukuta hiyo usitoke uwanjani kwa haraka ukajitafutia usafiri wako, uliza kwanza shirika linawapelekaje mnakotakiwa kufika, maana mara nyingi wanaleta mabasi au ndege nyingine, na ukishaondoka kivyako inakuwa kazi kudai.

Sasa swali ambalo hukunijibu: hizo ndege mbili ni tiketi moja au mbili? Naomba uangalie leo. Kama zote ziko chini ya namba moja ya bukingi, ile yenye herufi na tarakimu, jumla sita, basi ya kwanza ikichelewa ukaikosa ya pili ni mzigo wa shirika kukutafutia nyingine. Kama umenunua mbili tofauti kwa sababu ilitoka nafuu, ile ya pili haina habari na ya kwanza, usipotokea wanaandika hukuja na nauli imekwenda, na mara nyingi hata tiketi ya kurudi iliyo humo humo inafutwa. Tena begi utalichukua mwenyewe, utapita uhamiaji na utajiandikisha upya. Kama ni hivo tafadhali weka nafasi ya masaa mengi katikati au hata ulale usiku mmoja, mimi ntachangia, sitaki uwe unakimbia kwenye korido na begi unalia.

Utajiuliza kwa nini kuchelewa nusu saa kunageuka kufutwa kabisa. Ni kwa sababu ndege moja inazunguka siku nzima, ikichelewa asubuhi inabeba kuchelewa kule mpaka jioni, na marubani na wahudumu wana masaa ya kazi yaliyowekwa kisheria, yakiisha hawaruhusiwi kuruka hata kama ndege nzima na hali ya hewa shwari. Kwa hiyo ukiwa na uchaguzi chukua ya kwanza asubuhi, na ukikwama usimfokee yule dada wa kaunta, uamuzi haukutoka kwake na yeye ndo mwenye kompyuta.

Ikifutwa, panga foleni lakini usisimame tu. Ukiwa kwenye foleni piga simu ya shirika na fungua programu yao kwenye simu, popote patakapojibu kwanza ndo hapo. Na tafuta mwenyewe ndege zilizobaki siku ile, andika namba zake, ukifika kaunta unasema "naona hii ya saa fulani ina nafasi, naomba uniweke", inasaidia kuliko kusema "nifanyeje". Uliza na mashirika mengine wanayoshirikiana nayo. Ila kitu kimoja, wakikupa uchague kurudishiwa hela au kutafutiwa ndege nyingine, usibonyeze kurudishiwa hela kwa hasira, kwa sababu ukishachukua hela jukumu lao la kukufikisha limeisha na utajinunulia tiketi ya siku ile ile kwa bei ya siku ile ile.

Haki zako zinategemea unaondokea wapi, ndo uzijue. Ukiondokea uwanja wowote wa Umoja wa Ulaya, shirika liwe la nchi yoyote, kuna sheria namba 261 ya mwaka 2004. Ukisubiri kuanzia masaa mawili mpaka manne, kutegemea urefu wa safari, wanatakiwa wakupe chakula na kinywaji, na kama ni mpaka kesho yake hoteli pamoja na usafiri wa kwenda na kurudi hotelini, hilo la usafiri watu wengi hawaliulizi wanajilipia teksi. Ukifika umechelewa masaa matatu na zaidi kwa kosa la shirika kuna fidia ya euro 250 mpaka 600 kufuatana na umbali. Kama sababu iko nje ya uwezo wao fidia hakuna, ila chakula na pa kulala bado ni haki yako, na hilo mahakama ya Ulaya ililisema mwaka 2013 kwenye kesi iliyotokana na ile volkano ya Iceland ya 2010 iliyofunga anga kwa siku kadhaa. Sehemu nyingine sheria ni tofauti lakini uliza kila mahali, kwa upole, "mnanisaidiaje na chakula na pa kulala?" Wakisema hawana, tunza kila risiti, na omba wakuandikie sababu ya kufutwa au piga picha ya skrini.

Kabla hujakubali hoteli ya nje ya uwanja, au ndege inayopitia nchi nyingine, uliza viza. Hili linaniogopesha kuliko yote. Yule wa kaunta anaona kiti kiko wazi, haoni pasipoti yako inahitaji nini kupita nchi ile, unaweza ukafika ukazuiwa. Mwambie kabisa, pasipoti yangu ni hii, naruhusiwa kupita pale bila viza?

Begi kubwa ukikwama usiku linaweza kubaki kwao, kwa hiyo begi la mkononi liwe na dawa zako zote, nguo ya kubadilisha, chaja, na pawabenki (hiyo hata hivyo hairuhusiwi kwenye begi la kupakia). Ukifika begi halijaja, usitoke ule ukumbi wa mabegi kabla hujaandikisha ripoti na kupewa namba yake, afu ndo umwambie dereva kwamba utachelewa kutoka, maana na yeye muda wake wa kusubiri bure una mwisho, uliza mapema ni dakika ngapi. Begi likija limeharibika malalamiko ya maandishi ni ndani ya siku 7, likichelewa ni siku 21 tangu ulipokabidhiwa.

Na chapisha karatasi. Najua utaniona wa zamani ila tarehe 19 Julai 2024 kompyuta za mashirika mengi duniani zilizima kwa sababu ya marekebisho mabovu ya programu moja ya ulinzi, kuna viwanja waliandika bodingi pasi kwa mkono. Namba ya bukingi, namba ya dereva, anwani unakokwenda, viwe kwenye karatasi mfukoni, sio kwenye simu peke yake.

La mwisho ni dereva. Ukitoka pale mlangoni watakufuata watu wengi, wengine wataona jina kwenye begi lako na kukuita kwa jina. Wewe usiseme "unanisubiri mimi fulani?" muulize "unamsubiri nani, anakwenda wapi?" ataje mwenyewe, afu linganisha namba ya gari na uliyotumiwa. Dereva wako asipokuwepo rudi ndani penye watu na taa, piga simu, na kama ni usiku mkubwa na uwanja haufungwi, kaa hapo hapo mpaka asubuhi. Ukichelewa kikao au chochote mama, hakuna atakayekulaumu hapa nyumbani.

Kesho nitumie kopi ya tiketi na karatasi ya gari nizione mwenyewe. Na siku ile ukishakaa kwenye gari ukafunga mkanda nitumie namba ya gari, hata kama huku ni saa tisa usiku, simu itakuwa mkononi mwangu na mama yako atakuwa macho pembeni yangu.

Baba yako