Komedi ya mhamiaji: mmesifia lafudhi mkaacha utamu wenyewe

Mhariri,

Salamu kwanza, halafu niende moja kwa moja kwenye hoja. Nimesoma uchambuzi wenu wa ile komedi ya mtu mmoja, ya jamaa anayehamia nchi mpya na sanduku lake moja, na mimi pia niliiona kwa hiyo siongei kwa kusikia, mwandishi wenu kaisifia kwa kitu ambacho sicho. Karibu nusu ya makala ni lafudhi tu, eti jamaa anaiga lafudhi mpaka mbavu zinauma. Sawa, watu walicheka, hata mimi nilicheka, lakini kuiga lafudhi ya mgeni hata mtoto wa shule anaweza na kwangu mimi ndo sehemu dhaifu kuliko zote mle ndani.

Utamu uko kwenye fomu. Kuna pale anakaa kwenye kiti anasoma fomu ya maombi ya viza kwa sauti, mbwembwe hamna, sura kavu kabisa. Na msidhani katunga. Fomu ya viza ya Marekani, ile DS-160, inakuuliza kweli kama una nia ya kufanya ugaidi ukiwa huko, inakuuliza kama umewahi kushiriki mauaji ya kimbari, we unachagua ndiyo au hapana. Sasa mtu anataka tu kwenda kumuona dada yake kajifungua, anafika kwenye swali hilo, anakuna kichwa, anaanza kuhesabu kwenye vidole, halafu taratibu anasema "hapana... hapana, andika hapana". Ukumbi ulipasuka. Na hapo anayechekwa ni nani? Sio mgeni jamani, ni yule aliyekaa ofisini akaamini kabisa kwamba gaidi akifika hapo atajibu ndiyo.

Komedi ya mhamiaji mimi naipima hapo, kicheko kinamwangukia nani. Kikimwangukia anayebisha hodi, hiyo ni kejeli tu na tumeizoea. Kikiuangukia mlango, hapo kuna kazi imefanyika, na mlango wenyewe una vituko vya kutosha. Marekani walitunga sheria mwaka 1990 ikaleta bahati nasibu ya viza, hadi 55,000 kwa mwaka, yaani ukoo mzima unasubiri kompyuta iokote jina. Uingereza ukitaka uraia kuna mtihani wa maswali 24 ndani ya dakika 45, lazima ufikishe asilimia 75, na kitabu cha kujisomea kina mpaka wake sita wa mfalme Henry wa Nane. Mtu kaishi kule miaka, kodi analipa, halafu usiku anakaa anakariri yupi alikatwa kichwa na yupi aliachika! Hapo mchekeshaji atunge nini tena, asome polepole tu.

Najua kuna atakayeniambia mbona Trevor Noah, yule mchekeshaji wa Afrika Kusini, anaiga lafudhi miaka yote na mpaka kipindi cha Marekani walimpa mwaka 2015. Kweli, ila mwangalie vizuri. Akimuiga mtu anakuja na akili yake, na hofu yake, na ujanja wake, lafudhi ni nguo tu aliyomvalisha, tena wenyeji nao hawaachi, wanaigwa vilevile. Huyu wetu lafudhi aliiweka pale alipoishiwa, dakika kama kumi za katikati hivi, nadhani hata yeye anajua maana alikuwa anakimbia kimbia jukwaani.

Lingine. Mwandishi wenu kalalamika jukwaa lilikuwa tupu, angeongezewa waigizaji wawili watatu. Mimi nakataa. Mhamiaji ni mtu mmoja aliyebeba watu wote kichwani, mama yake, afisa wa eapoti, yule binamu aliyetangulia anayejifanya anajua kila kitu, wote wanaongea kwa pamoja na hakuna hata mmoja aliyepo. Ukileta waigizaji kumi tutaona wapi kwamba yuko peke yake? Mwigizaji John Leguizamo, aliyezaliwa Colombia akakulia New York, mwaka 1998 alipanda Broadway, kwenye majumba makubwa ya michezo ya kuigiza ya hukohuko, na kuucheza ukoo wake mwenyewe, baba yake humohumo, bila msaidizi. Na hawa wa mtu mmoja ukienda tamasha la Fringe kule Edinburgh, Uskochi, mwezi wa nane unawakuta kila kona, tamasha ambalo lenyewe lilianza 1947 kwa vikundi vinane vilivyokwenda bila mwaliko, kwa hiyo wageni wasioalikwa wana historia yao pale.

Na jamaa wetu kazi ya kubadilika aliiweza. Afisa akiongea bega la kulia linapanda na macho yanaangalia chini, kwenye paspoti, juu, kwenye paspoti tena. Mgeni akijibu bega linashuka na macho yanapanda kumtafuta afisa. Nguo hazijabadilika, taa hazijabadilika, na sisi tunawaona watu wawili, mmoja mrefu mmoja mfupi. Hilo halikuandikwa hata mstari mmoja! Wala ile simu ya kwa mama, anayoambiwa "mbona sauti yako baridi" na yeye amevaa makoti mawili ndani ya chumba anajibu ni mtandao tu mama, huku watu bado wanacheka kwa sababu makoti yalikuwa yamemzidi.

Ombi langu mhariri, safari nyingine mtumeni mtu wa ukurasa wa michezo ya kuigiza, sio wa udaku, na atuandikie pia mambo ya kawaida ambayo mnunua tiketi anataka kujua, mchezo unachukua muda gani, una mapumziko au hauna, na watoto wanaruhusiwa au la. Maana ile sehemu ya kukaguliwa eapoti ina maneno ya chumbani kabisa, na mbele yangu kulikuwa na mzazi kaja na wanawe wawili, ikabidi awatoe nje wakanunue soda.

Msomaji wenu wa siku nyingi