Wapanda Kilimanjaro: Jumamosi, viatu na afya

Habari za jioni wapendwa. Jumamosi saa 12 asubuhi tukutane Capri Point, tunapanda kilima na mabegi mgongoni. Mabegi yenye uzito jamani, siyo ya kupigia picha.

Hapa Mwanza tupo kama mita 1,140 juu ya usawa wa bahari, kilele cha Uhuru ni 5,895. Mazoezi yanajenga miguu na pumzi, ila hayamkingi mtu na ugonjwa wa mwinuko, ule wa kukosa hewa ya kutosha huko juu. Kichwa kikigonga, ukitapika au ukianza kuyumba kama mlevi, mwambie mwongozaji palepale. Kaka zangu, msijikaze. Hali ikizidi, dawa ni kushuka. Wenye presha, pumu au sukari, muoneni daktari wiki hii.

Viatu: atakayevaa vipya siku ya kwanza tukianzia lango la Marangu atajuta kabla hatujafika kambi ya kwanza, Mandara. Anzeni kuvivaa sasa, hata sokoni. Soko la Mlango Mmoja kuna majaketi mazuri ya mtumba. Jinzi ziacheni, zikilowa hazikauki. Usiku wa kutoka kambi ya Kibo kwenda kileleni, chupa ya maji ikae kichwa chini, maana barafu huanzia juu.

Dada uliyeuliza kuhusu dagaa: beba, ila wa kukaanga. Wenye madeni ya mchango, nitafuteni pembeni.