Barua kwa mwanangu, kuhusu ile barakoa

Mama yangu, hujambo? Sisi huku Newala wazima, korosho tumeshamaliza kuokota, upepo tu ndo umezidi. Nakuandikia kwa karatasi maana simu hamruhusiwi hapo shule, na siku ile ulivyonipigia kwa simu ya matroni salio likakata kabla sijakujibu, lile ulilosema limenikaa rohoni wiki nzima.

Umesema mwalimu wa drama kawavalisha barakoa nyeupe isiyocheka wala kununa, akakwambia ingia kama mtu aliyeletewa habari ya msiba, bila kutoa sauti, af darasa zima likasema halikuona msiba, limeona mtu kasimama. Ukalia. Ukasema labda mjomba ana haki, bora ungesoma biashara.

Ngoja kwanza mwanangu. Hicho anachokufundisha huyo mwalimu ni kitu cha kwetu kabisa. Mi nilikuwa na miaka kama tisa, watoto wakitoka jandoni mapiko, wachezaji wetu wa barakoa sisi Wamakonde, yanakuja kucheza uwanjani. Mambo ya ndani ni ya wanaume na siyagusi, nakwambia nililoliona nikiwa nje na wanawake wenzangu. Sura ya lipiko ni mti, mti mwepesi umechongwa, mtu anauvaa kichwa kizima, haufumbi jicho wala hautabasamu, na mwili umefunikwa nguo. Sasa kwa nini tulikuwa tunaogopa, na kwa nini tulikuwa tunacheka? Ni shingo. Linageuza shingo taratibu, linasimama, ngoma ndogo inapiga harakaharaka, mabega yanatetemeka yenyewe miguu imetulia, ngoma inakata na lenyewe linakata hapo hapo, kimya, hata watoto wa mgongoni wananyamaza. Af kichwa kinakuja mbele kidogo tu, kama mzee asiyeona vizuri anatafuta nani kamwita, uwanja mzima unapasuka kwa kicheko. Sura ni ile ile! Na wanawake tunakimbia tunapiga kelele kama hatujui mle ndani kuna mtu, hiyo nayo ni kazi, bila sisi kukimbia hakuna mchezo. Siku moja nguo ilipanda kidogo nikauona mguu. Nikaujua ni wa nani. Sijawahi kusema na humu siandiki.

Kwa hiyo usimchukie mwalimu. Amekuziba uso kwa sababu ulikuwa umezoea kuuegemea, hata mi likizo niliona, ukihuzunika unakunja nyusi basi, mikono inaning'inia tu. Mtu akipata msiba mwili ndo unajua kwanza, wewe umeona jirani yetu alivyoletewa habari ya mumewe, alikuwa ameshika ungo wa mtama, hakuuangusha, aliuweka chini polepole sana kama una mayai.

Na ile ngoma ya sindimba uliyotuchezea uani ilikuwa nzuri ila midomo ilikuwa inahesabu moja mpaka nane. Najua jukwaani mnahesabu ili mgeuke wote pamoja, sawa, lakini huku mpigaji anabadilisha anapotaka na wewe unamfuata, sikio kwanza af kiuno. Jifunze yote mawili.

Kuhusu ile vidio uliyoshuti shambani, picha nimeipenda, sauti hapana, upepo umekula maneno yote na ulikuwa unaongea vitu vizuri. Nimemuuliza kijana anayeshuti harusi hapa mtaani, anasema simu ya pili iwe inarekodi sauti tu, muigizaji aifiche ndani ya kanga karibu na kifua, af kabla hamjaanza mmoja apige kofi moja mbele ya kamera, wakati wa kuedit unatafuta ule mlio na ile picha ya mikono ikigusana, unavilinganisha, basi sauti imekaa. Watu wanavumilia picha yenye giza, wasiposikia wanaondoka.

Sasa mjomba wako. Unajua kwetu ana neno juu yako hata kuliko baba yako. Jumapili alikuja, akarudia yale yale, kucheza ngoma nako kunasomewa? Nikamwambia sasa hivi kwenye mkondo wa amali, ule wa kusomea ujuzi, sanaa ni fani kama fani nyingine, ukimaliza, chuo cha sanaa cha Bagamoyo kipo tangu 1981, siku hizi kinaitwa TaSUBa, na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, pale Mlimani, wanatoa mpaka digrii. Nikamkumbusha tamthilia ya Kinjeketile tuliyosoma shuleni, Ebrahim Hussein aliyeiandika ni mtu wa pwani yetu hii ya kusini na vita vya Maji Maji vyenyewe inavyovisimulia viliwaka 1905 huko Umatumbi, Kilwa, sio mbali. Hakujibu kitu, anakunywa uji tu.

Ndo nikamweleza ile habari ya barakoa, na ulivyolia. Akaweka bakuli chini. Akauliza, "Huyo mwalimu anawafunika na macho, au wanaona?" Nikasema wanaona. Akanyamaza muda mrefu sana, mpaka nikadhani amekasirika, akachukua kofia akaondoka. Amefika pale kwenye mkorosho mkubwa akageuka, hakunitazama mimi, alikuwa anatazama chini, akasema, "Mwambie asianze na mikono. Aanze na shingo, na asiwe na haraka."

Korosho za kukaanga nimeziweka kwenye kopo la bluu, wagawie na wenzio.

Mama yako