Sijakuita Uitike: Salamu za Krismasi kutoka Moshi

Ndugu zangu mlioko nyumbani na mlioko bado njiani, heri ya Krismasi.

Leo tarehe 23 Moshi imejaa. Mabasi ya Dar es Salaam yanashusha watu mpaka usiku, na ukipanda gari la Marangu au Machame ujue utapakata mtoto wa mtu. Mkungu wa ndizi umepanda bei, na mbuzi ndiyo usiulize kabisa. Alfajiri Kibo, kilele cha Kilimanjaro, ilijitokeza nyeupe pe, nikasimama uani kuitazama; chai haijapoa, mawingu yakaifunika.

Nilipokuwa mdogo, mama akiniita kutoka kihambani, yaani shamba letu la migomba la nyumbani, nilijibu "Naam!" kwa sauti nzuri tu, halafu sitikisiki. Akiita tena, nasema "Nakuja!" Mnaijua hiyo "nakuja" yetu, mtu huisema huku anatokomea. Siku moja alinifuata mpaka mlangoni, mikono yote udongo: "Nimekuita uje, sijakuita uitike."

Maneno hayo yalinirudia Jumapili iliyopita, tuliposomewa habari za Yusufu. Nimeisikia habari hiyo kila Majilio, lakini sikuwahi kuona kwamba katika Injili zote Yusufu hasemi neno hata moja. Mariamu anauliza, anajibu, anaimba. Zakaria anataka uhakika na anafungwa ulimi. Yusufu analala, anaota, anaamka, anatenda. Anaambiwa asihofu kumchukua mkewe, anamchukua, na maneno ya majirani juu ya ile mimba hatujaambiwa aliyajibuje. Baadaye anaambiwa akimbilie Misri, na Mathayo anasema aliondoka usiku. Hakungoja kupambazuke! Mimi ningesema hata kiatu sijakiona.

Basi niwaambie langu. Kaka yangu na mimi tulikuwa tumenuniana miaka mitatu kwa ajili ya mpaka wa kihamba. Ugomvi wenyewe ni migomba minne, na miwili imeshaanguka kwa upepo. Kanisani tunakaa safu tofauti, msibani tunapeana mkono bila kutazamana. Na muda wote huo nilijua ninachotakiwa kufanya. Sikuhitaji malaika. Kila nilipoinama kuomba, jina la kaka lilikuja kabla ya Amina, nami nikasema, Bwana, nakuja.

Kwetu Uchagani aliyekosa hupeleka jani la isale, mmea wa majani marefu, kuomba radhi, na anayepelekewa huona vigumu mno kulikataa. Isale hiyohiyo ndiyo tunayoipanda mpakani. Sikuwahi kuyaweka mawili hayo pamoja mpaka jioni ile ya Jumapili, nilipokwenda na kisu kukata jani kwenye ule mstari tuliogombania. Mvua ilikuwa imeanza. Njia ya kwenda kwake ni hatua kama mia mbili, na nilisimama mara mbili nikitaka kurudi. Niseme ukweli, imani sikuwa nayo nyingi. Nilikuwa na jani, na miguu tayari ilikuwa na tope.

Mbwa wake akabweka kama hanijui. Kaka akatoka na tochi, akamulika uso wangu, akashusha mwanga mpaka kwenye jani, akakaa kimya kitambo. Kisha akasema, "Ingia, unalowa."

Shemeji akaleta mtori, supu yetu ya ndizi. Habari za migomba hatukuzigusa. Tuliongea juu ya kahawa, na goti lake linalomsumbua kwenye baridi. Nilipoondoka jani lilikuwa limechomekwa juu ya mlango wake.

Mwaka huu, baada ya ibada ya tarehe 25, tunachinja pamoja uani kwake. Mkipita njia ya juu, ingieni. Mbuzi ni mmoja, ila supu tutaiongezea maji. Mlioko barabarani Mungu awafikishe salama, na wenye wagonjwa na wenye msiba mpya, tunawakumbuka kwa majina.

Krismasi njema.