Mkataba wa miaka miwili, bondi ya mitatu

Area D, Dodoma
Jumapili jioni

Ndugu yangu Baraka,

Mbukwenyi! Usicheke. Mwaka wa pili huu naamkiana Kigogo na akina mama wa soko la Majengo, na wao ndio wanaonicheka. Hapa wote wazima. Zabibu zangu za Hombolo zimeshambuliwa na ndege, hawa wa manyoya, si wale wetu.

Barua yako nimeisoma mara mbili. Unauliza kama uache ajira ya kudumu ya kurusha Caravan, ndege ndogo ya rubani mmoja, uende kukaa kiti cha kulia, cha rubani msaidizi, kwenye ATR ya marubani wawili kwa mkataba wa miaka miwili. Shemeji anasema kudumu ni kudumu. Msalimie, ana haki ya kuogopa, ila naomba nilipige hesabu hilo neno.

Kampuni yako ikiamua kupunguza watu kesho, sheria inawataka wakushirikishe kwanza kwenye mazungumzo, na usipewe notisi chini ya siku 28. Kiinua mgongo ni mshahara wa msingi wa siku saba kwa kila mwaka uliokamilisha, mwisho miaka kumi. Wewe una minne, kwa hiyo siku 28 nyingine. Ukiongeza na likizo ambayo hujaichukua, ndiyo kudumu kwenyewe kwa kampuni ya ndege nne.

Mkataba wa muda maalumu nao una upande ambao watu hawausemi. Kwa kanuni za utendaji bora za 2007, mwajiri hawezi kuukata katikati kwa sababu tu biashara imekuwa mbaya. Mpaka wewe uvunje jambo kubwa ndani yake, au mkubaliane. Lakini kamba hiyo imefunga pande zote mbili: na wewe huwezi kujiuzulu tu eti kampuni kubwa imekupigia simu mwezi wa kumi na tano. Marubani wengi hili hawalijui, wanadhani notisi ya mwezi inatosha.

Sasa nikupe yangu, maana hukuwahi kuipata yote. Ile kampuni ya watalii kule kaskazini walinipa mkataba wa miezi 12. Ulikuwa unaisha Machi 31. Unajua Aprili ilivyo: masika, kambi zimefungwa, ndege zimefunikwa maturubai. Juni wakaniita tena, mkataba mpya, tarehe mpya ya kuanza kazi, kama mtu ambaye hawajawahi kumwona. Nikasaini, safari hii hadi Machi tena. Nilikuwa nimeshapita 40, na kwa anayeruka peke yake na abiria umri huo medikali, kipimo cha afya ya rubani, ni kila miezi sita. Januari daktari akapima presha, akapima tena, akanyamaza. Akanisimamisha hadi nitulie.

Nilitulia Mei. Mkataba ulikuwa umeshakwisha. Hakuna aliyenifukuza, Baraka, hakuna hata barua. Juni nikakaa na simu mkononi. Kuna kifungu kinachosema mtu aliyekuwa na matarajio ya haki ya kuongezewa mkataba, asipoongezewa, huweza kuhesabika ameachishwa isivyo halali, na mimi mwaka uliotangulia walishaniita mara moja. Ningeweza kujaribu. Ila malalamiko hayo hupelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 30, na mimi siku zangu 30 nilizimaliza nikisubiri simu.

Ndiyo maana nasema wanaolinganisha mikataba wanaangalia mahali sipo. Sisi tayari tunaishi kwa vipindi. Medikali yako ni ya mwaka, simuleta, ile mashine ya kuigiza urukaji, utaitwa kila miezi sita, na miaka 65 ndiyo mwisho wa kubeba abiria kwenye ndege za mashirika. Suala ni nani anabeba gharama siku daktari anaponyamaza. Wa kudumu ana likizo ya ugonjwa, siku 63 kwa mshahara kamili na 63 kwa nusu, na mara nyingine hupewa meza kwenye ofisi ya kupanga safari za ndege mpaka apone. Wa mkataba anayo likizo hiyo hiyo, lakini kalenda inamalizia kazi. Kwa hiyo ukienda, waulize kama bima yao inalipa rubani akipoteza leseni kwa afya. Wasipokuwa nayo, tafuta yako.

La benki nalipita haraka. Shemeji yako wa hapa, mtumishi wa wizara, alipewa mkopo wa kiwanja bila jasho. Mimi ofisa mikopo alifungua mkataba, akahesabu kwa vidole miezi iliyobaki, akaishia kidole cha tano, akanirudishia bahasha.

Wewe lakini una miaka 31 na saa 900 za kuruka. Kwenye Caravan ulikuwa peke yako, kwa hiyo saa za ukapteni unazo. Zinakosekana za ndege ya marubani wawili. Hata ukiruka 600 tu kwa mwaka, miaka miwili inakuvusha zile saa 1,500 za leseni ya juu ya urubani na chenji inabaki. Hapo anayehitaji mkataba mfupi ni wewe kuliko wao. Mimi, na watoto watatu na vidonge vya presha asubuhi, nisingeugusa.

Kwa hiyo saini, ila si hivyo ulivyo. Soma tena kipengele cha tisa. Wanakulipia mafunzo ya ATR, wanakufunga bondi ya miaka mitatu, na ukiondoka kabla ya hapo “kwa sababu yoyote ile” unarudisha sehemu iliyobaki. Mkataba ni miaka miwili! Mwezi wa 24 wakiamua kutokuongezea, umeondoka kwa sababu yoyote ile: huna kazi, na unadaiwa theluthi ya mafunzo. Sijui kama walikusudia au walinakili karatasi ya watu wa kudumu, vyovyote vile atakayelipa ni wewe. Waombe bondi iishe na mkataba, ipungue kila mwezi, na deni life kama wao ndio hawakuongeza. Wakigoma kabisa, nipigie kabla hujashika kalamu.

Ukija kunitembelea panda treni ya SGR, mwendo wa saa tatu na nusu tu kutoka Dar, na hakuna anayekupima presha stesheni.

Halafu nitumie tena picha ya ukurasa wa nne. Uliyotuma imekatwa chini, palipo na mstari wa mwisho kabla ya sahihi.

Wako,
Kaka Elia