Barua kutoka Torino: jina la mjukuu wako

Mama mpendwa,

Shikamoo. Nimefurahi mno kusikia kwamba dada amejifungua salama. Umeniandikia kuwa Babu hajaliafiki jina la Rita kwa kuwa anaona halina maana, nanyi mnataka mimi niliye huku Italia niwaeleze lilikotoka. Maana linayo: Rita ni kifupi cha Margherita, jina lililotokana na neno la Kigiriki la lulu.

Mtakatifu Rita wa Cascia, ambaye wewe humsalia novena, alibatizwa kwa jina hilo la Margherita. Hapa Torino upo mtaa mzima unaoitwa Santa Rita kwa ajili ya kanisa lake, na kila tarehe 22 Mei waumini huleta mawaridi yabarikiwe. Safari hii nilisimama nyuma ya bibi mmoja aliyelifunga waridi lake kwa gazeti bichi ili lisinyauke.

Lakini Rita ninayetamani Babu amfahamu ni Rita Levi-Montalcini, aliyezaliwa katika mji huu mwaka 1909. Baba yake hakutaka binti zake wasome chuo kikuu, naye akamsihi mpaka akakubali, akahitimu udaktari mwaka 1936. Miaka miwili baadaye sheria za kibaguzi ziliwafungia Wayahudi milango ya vyuo, naye, kwa kuwa alikuwa Myahudi, akageuza chumba chake cha kulala kuwa maabara, akawa anachunguza mishipa ya fahamu ya vifaranga ambao hawajaanguliwa, kwa sindano za kushonea alizozinoa mwenyewe. Wewe Mama, unayemulika mayai kwa tochi usiku ili ujue lipi lina kifaranga, utaelewa upesi kuliko nilivyoelewa mimi kwamba si kila yai lingemfaa. Mabomu ya Vita Kuu ya Pili yalipozidi, familia ilihamia mashambani, naye akazunguka kwa baiskeli akiwaomba wakulima mayai, akiwaambia ni ya watoto wake. Hakuwahi kuolewa wala kuzaa.

Kazi aliyoianza chumbani aliiendeleza Marekani, ambako aligundua protini inayochochea ukuaji wa neva, na mwaka 1986 akapewa Tuzo ya Nobel ya tiba pamoja na Stanley Cohen. Kinachonigusa zaidi ni kwamba mwaka 1992, yeye na Paola, pacha wake, walianzisha mfuko uliokuja kuwasomesha wasichana wa Afrika. Alifariki mwaka 2012 akiwa na miaka 103.

Yupo pia Rita Pavone, mwimbaji, mzaliwa wa mji huu huu wa mwaka 1945. Jirani yangu wa ghorofa ya chini humwimba kila anapoanika nguo.

Tafadhali msomee Babu barua hii polepole, hasa pale penye mayai. Na akiona bado ulimi wake haulipendi jina la Rita, yeye na amwite mtoto huyo Lulu, maana atakuwa amemwita kwa jina lile lile.

Wako akupendaye,
Mwanao