Mwanangu, mbege ya posa usiitie kwenye chupa

Mwanangu, salamu zako dada yako kanipa, marahaba, ila ungenipigia mwenyewe ningefurahi zaidi. Huku Arusha mtoto anaendelea vizuri, ananyonya. Dada yako kaniambia Ijumaa unapanda basi la Dar na mbege, pombe yetu ya ndizi na ulezi, ya posa ya mtoto wa baba mkubwa wako, na eti umenunua chupa za kioo na kimashine cha kubana vizibo ionekane kama bia ya dukani. Toka nisikie hivyo usingizi hauji. Baba, nakuomba, usiitie kwenye chupa.

Mbege unayoichuja leo bado inaendelea kuchacha, inatoa gesi, na gesi ikikosa pa kutokea chupa inapasuka. Hapo Marangu kuna baridi utaiona imetulia tu, subiri basi lishuke Same, Mombo, Korogwe, joto la huko na buti limefungwa, ndo itachemka kweli. Bia ya kiwandani imechujwa na kupashwa moto chachu ikafa, ndo maana inavumilia kizibo. Yako iko hai. Na kuna kijana wa watu ataingiza mkono kwenye hilo buti stendi ya Mbezi huko Dar, hajui kuna vipande vya chupa.

Chukua madumu. Yale ya mafuta ya kula ya lita 20, usiguse lile lililowahi kuwekewa mafuta ya taa, harufu yake haitoki hata uoshe mwaka mzima. Osha na maji ya moto, suuza mpaka ukinusa husikii kitu. Jaza lita 16 hivi, pale juu pabaki wazi maana povu linapanda. Kifuniko kitoboe katundu na sindano ya moto, alafu dumu livalishe gunia la salfeti, pembeni shindilia majani makavu ya mgomba lisimame wima njia nzima, likilala litamwagikia mabegi ya watu na konda atakushusha nalo.

Ila kama ungenisikiliza ungefanya kama bibi yako, ndizi na ulezi vinasafiri mbalimbali. Ndizi ukishazichemsha zikakaa siku zake zikaiva, chuja yale maji yake uyatie kwenye dumu peke yake (nayo yanapumua, katundu palepale), unga wa kimea cha ulezi uende mkavu kwenye mfuko. Mama mkubwa wako akishapokea anapika uji wa kimea, anauacha upoe, anachanganya, kesho yake wazee wanakunywa mbege mbichi kabisa. Ikisafiri imeshachanganywa inafika kali, na posa ni kesho yake, wakwe wakionja kitu kimechachuka watasema tumewadharau. Hilo ndo linaniuma.

Kupika unajua, sina wasiwasi na hilo. Msesewe, lile gome chungu, unaupima vizuri, uchungu unakaa panapotakiwa, vijana wa rika lako wangapi wanaweza? Krismasi yule mzee jirani alivyosifia akidhani nimepika mimi sikumkatalia palepale, nikamwacha akamalize kata yake. Lakini we ukishajua kitu hutaki tena kuulizwa wala kuambiwa, kimashine umenunua hela ya dawa ya ng'ombe ikiwepo hapo mezani. Au ndo hiyohiyo hela? Utanijibu.

Ng'ombe mkatie majani jioni, asubuhi yana umande. Kahawa iliyoiva kule chini kwenye kihamba ichume kabla hujasafiri, na baba yako asipande juu kurekebisha mfereji wa maji na goti lile, mwambie nimesema.

Kimea usikiweke sakafuni, panya. Chupa zirudishe ulikonunua kama watazipokea. Ukishapakia nitumie namba ya basi na ya konda nimpigie mama mkubwa wako aende stendi mapema, na kabla hujafunga gunia nipigie picha ya hicho kifuniko nione tundu.

Mama yako